Mabanzi Tisa ya Mzee Tindo

Leo nimeumbuka. Bado nanuka moshi, nguo sijabadilisha, na mama yangu yuko chumba cha pili anajifanya amelala. Nawaandikia kabla hamjaisikia kwa watu wa Mbalizi, maana wao wakianza kuisimulia itabidi nihame mkoa.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni Atu, yule dada wa video za harusi. Kama umefunga ndoa kati ya Uyole na Mbalizi miaka ya karibuni, kuna uwezekano mkubwa nimekurekodi ukilishwa keki. Napiga picha za mashangazi wakicheza kwa foleni kwenda kutoa zawadi. Kazi naipenda, ila mwaka huu nikasema nifanye na kitu cha moyo wangu. Nikatengeneza filamu fupi, dakika kumi na tisa, kuhusu Mzee Tindo.

Kama baba yako hakuendesha lori la mbao, humjui Mzee Tindo. Redio haikuwahi kumpiga hata siku moja. Alikuwa fundi wa kunoa misumeno kwenye kiwanda cha mbao huko Mafinga, na gitaa lake alilitengeneza mwenyewe kwa mbao za paini na nyaya za breki za baiskeli. Nyimbo zake alizirekodi kwa redio kaseti, ndani ya kiwanda, mashine ikiwa inapasua magogo. Watu walimuuliza kwa nini asitafute mahali tulivu kama wanamuziki wenzake. Akasema mashine ndiyo bendi yake, haichoki na haigombani na mtu.

Sasa shida ni kwamba gogo likiisha, mashine inanyamaza. Na Mzee Tindo alikuwa haimbi bila bendi. Kwa hiyo katikati ya wimbo unasikia kimya. Unasikia mtu anakohoa. Unasikia kuku. Halafu sauti ya mzee inaagiza, taratibu kabisa, "Leta gogo." Mashine inanguruma, naye anaendelea kutoka neno lilelile alilokuwa ameliacha. Madereva waliinakili kaseti ile mpaka Tunduma, kila nakala ikawa na mikwaruzo zaidi ya ile iliyoizaa, na ukimkuta dereva wa mbao asiyejua "Leta gogo" basi huyo alikuwa mgeni kazini.

Baba yangu alikuwa dereva wa mbao. Shule zikifungwa alinichukua safari ya Mafinga, nakaa mbele, miguu haifiki chini, tunanunua mahindi ya kuchoma Makambako na kaseti inaimba. Alijua kila mahali mashine itakaponyamaza. Sekunde moja kabla, alikuwa anainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, na mimi nanyamaza kutafuna. Tunasubiri. Halafu tunasema pamoja na kaseti, "Leta gogo." Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile tena, na nasema hivyo nikiwa mtu mzima mwenye mtoto.

Mama hakuipenda kaseti ile. Alikuwa anasema, "Kelele za mashine barabarani, za mashine nyumbani, huyo baba hana wimbo wa Mungu?" Baba alipofariki, kaseti ilikuwa imeshaliwa na redio. Nilibaki na ganda lake, nalo halina utepe.

Ndiyo maana masika iliyopita nilibeba kamera nikaenda Mafinga. Nilidhani naenda kutafuta kaburi. Nikamkuta mzima, anaishi nyuma ya kiwanda cha zamani kwenye nyumba aliyoijenga kwa mabanzi. (Kwa wale wa mbali na misitu: banzi ni kile kipande cha kwanza gogo linapopasuliwa, upande mmoja una gome, upande wa pili umenyooka. Hakifai kwa samani. Watu wanajengea uzio, choo, na zaidi ya yote wanapikia. Naomba mkumbuke hili la kupikia.) Alikuwa amevaa sweta la shule na mabuti mawili ya mvua, moja jeusi na moja jeupe. Nikamsalimia "Kamwene" kama baba alivyonifundisha. Hakunijibu mimi. Aliinamia kamera akasema, "Kamwene, mgeni wa jicho moja. Huyu dada umemtoa wapi?"

Chini ya kitanda chake kulikuwa na mabanzi tisa. Mzee Tindo hajui kusoma wala kuandika. Kila alipotunga wimbo, alichoma msumari ukawa mwekundu, akauchora ule wimbo upande ulionyooka wa banzi. Vilima, ng'ombe, mwanamke mwenye mwavuli, lori, mistari inayopanda na kushuka kama njia ya mchwa. Hakuwa anazitazama zile picha. Alikuwa anafumba macho anapitisha kidole, na wimbo unatoka. "Hili ndilo daftari langu," akaniambia. "Kichwa changu ni kibovu toka zamani. Kidole ndicho kinakumbuka." Upande wa pili gome lilikuwa palepale, halijaguswa.

Nikamwomba aniazime nikawaonyeshe watu siku ya filamu. Akakataa. Nikarudi mara ya pili, akakataa. Mara ya tatu nikamwambia mimi ni mtoto wa nani. Akauliza, "Yule wa kuinua kidole?" Kumbe baba alishawahi kwenda kumsikiliza pale kiwandani, ana kwa ana, na hakutuambia. Mzee akayatoa mabanzi moja moja, akayahesabu mbele ya kamera, akanitazama kwa macho makavu. "Ni tisa. Yarudi tisa." Nikaapa kwa jina la baba. Na kwa kuwa ilikuwa picha nzuri sana, nikaiweka mwisho wa filamu. (Hapo nilijichongea mwenyewe.)

Haya, tuje leo.

Saa moja asubuhi lori limeniletea mabanzi kutoka Mafinga kwenye ukumbi wa mtaa Mbalizi. Dereva ni yule aliyekuwa utingo wa baba, ameyafunga kwa blanketi kama mtoto mchanga. Nikatoboa kila banzi matundu mawili ukingoni, nikapitisha waya wa kutundikia. Tisa, waya tisa. Kisha nikajaribu kupigilia misumari ukutani. Ukuta wa zege. Msumari wa kwanza ukapinda, wa pili ukapinda, wa tatu ukapinda, wa nne ukaniruka ukapotea. Nikabadilisha mpango: mabanzi yakae nje, filamu ikiisha niyaingize mwenyewe moja moja, watu washangae. Nikayapanga nyuma ya ukumbi, chini ya upenu, blanketi nikamrudishia dereva, na ili michoro isiingie vumbi nikaweka gome juu. Nikajisifu kwa akili nyingi.

Mama alikuwa amesema hakuna mgeni atakayetoka Mafinga hadi Mbalizi akaondoka na njaa. Kwa hiyo alikuja na wanawake wenzake wa kanisani, sufuria mbili kubwa, mchele wa Kyela, maharage, kabichi. Mimi kazi yangu ilikuwa kuni. Nikampigia mtu wa kuni jana, akasema asubuhi na mapema zitakuwepo nyuma ya ukumbi. Nikamwamini. Nikajifungia kwenye kichumba cha mbele na kompyuta yangu, ambayo betri yake ilishakufa na waya wake wa umeme haushiki mpaka uuelekeze pembe fulani.

Simu ya kwanza ya mama ilidumu sekunde kumi na moja. Nimeiangalia jioni hii kwenye simu, ipo.

"Atu, kuni ziko wapi?"

"Zipo nyuma ya ukumbi, mama."

"Haya."

Ya pili ilikuja baada ya nusu saa. Filamu ilikuwa inajihifadhi, asilimia tisini na saba, sitaki hata kupumua karibu na ule waya.

"Kuni zako zina waya."

"Toa tu hizo waya, mama." (Nilidhani mzigo umefungwa kwa waya. Nani asingedhani?)

"Zote?"

"Zote mama, nina kazi."

"Nzuri kweli. Kavu."

Nikamwambia ashukuru basi, nikakata simu.

Saa sita Mzee Tindo akafika na basi, peke yake, gitaa limeviringishwa kwenye shuka la kimasai, mabuti yaleyale. Baridi ya leo mnaijua wenyewe. Hakutaka kiti, hakutaka soda, alitaka moto. Nikampeleka nyuma jikoni, kwa mama. Nilikuwa na wasiwasi, maana mama hajawahi kumwona, alikuwa anamfahamu kwa kero tu.

"Kamwene, mama."

"Karibu baba, sogea uote. Mimi ni mama yake Atu."

"Mama mwenye mume wa kidole?"

Mama akasita na upawa mkononi. Akauliza, "Wewe ndiye wa mashine?" Mzee akasema ndiye. Mama akamtazama buti jeusi, akamtazama buti jeupe, akamvutia kigoda.

Wakakaa. Mzee akanyoosha mikono kwenye moto. "Moto mzuri huu," akasema. "Paini hii ni ya zamani, imekauka ndani kabisa. Siku hizi wanakata miti michanga, inalia maji." Mama akafurahi kusifiwa moto. Wakaanza kuongea habari za baba, kwamba alipenda chai ya tangawizi, kwamba alikuwa mbishi. Ilikuwa picha nzuri mno, mwanamke ambaye hakuutaka wimbo na mwanaume aliyeutunga, kwenye moto mmoja. Nikatoa kamera nikaanza kurekodi. Na nikarekodi, kwa ubora wa juu kabisa, Mzee Tindo akiona banzi moja limechelewa kuingia motoni na kulisogeza kwa buti jeupe. Lilikuwa limeelekeza gome juu. Alilisogeza taratibu, kwa heshima, kama mtu anayejua mbao.

Ushahidi huo ninao. Msiniombe niutume.

Tukala kwanza, kwa sababu ya wageni wa mbali. Wali ulikuwa mtamu, hilo hata adui zangu watashuhudia. Wazee wa malori, madereva wenzake baba, walirudia sahani. Mzee Tindo alikula mbili, akafumba macho akitafuna, akasema, "Wali huu una harufu ya nyumbani kwangu." Watu wakapiga makofi. Mama akaona aibu ya furaha, akajifunika na kanga.

Saa nane tukaziba madirisha kwa mablanketi. Kitambaa cha kuonyeshea filamu kilikuwa shuka jeupe la mama, lenye maua ya uzi ukingoni. Baba alimletea kutoka Tunduma nilipozaliwa. Hakuna aliyewahi kulilalia. Lilikaa sandukuni na dawa ya nondo, likatoka siku ya ubarikio wangu kanisani na siku ya msiba wa baba, basi. Leo mama alilitoa mwenyewe, akalipiga pasi, akaniambia kwa sauti ya chini, "Lisichafuke." Nikaapa na hapo pia. (Leo nimeapa sana.)

Filamu ikaanza. Ukumbi ulikuwa na watu kama themanini, wazee wa malori mbele, majirani nyuma, mama na wenzake wamesimama mlangoni. Sauti ya mashine ikajaa ukumbini (kipande kifupi cha katikati ya wimbo, ndicho pekee nilichopata kwenye nakala ya dereva mmoja), na juu yake ile sauti ya Mzee Tindo yenye kutu, na nikaona migongo ya wale wazee inanyooka. Halafu mashine ikanyamaza. Kimya. Kikohozi. Kuku. Na ukumbi mzima, bila mtu kuwaongoza, wakasema, "Leta gogo." Nililia pale kwenye kompyuta, machozi kabisa, nikayafuta kwa mkono ambao haukushika waya. Nilimtamani baba awepo kwa dakika moja tu, hata kama angekosa kiti.

Kwenye picha Mzee Tindo alionekana anatoa mabanzi chini ya kitanda. Anageuza moja moja, kamera inakaribia, unaona kila mstari. Vilima. Ng'ombe. Mwanamke na mwavuli. Lori, ambalo ndilo wimbo alioupenda baba. Mwisho anayahesabu, anatazama ukumbi mzima kwa macho makavu. "Ni tisa. Yarudi tisa." Giza. Makofi yakalipuka, watu wamesimama.

Mshereheshaji wetu ni kaka Ambakisye, huwa tunafanya naye harusi. Kaka Ambakisye hajui kusema kwa sauti ndogo. Akashika kipaza sauti: "Na sasa wapendwa, mliyoyaona kwenye picha, mtayaona kwa macho yenu! Dada Atu, tuletee mabanzi!"

Nikatoka nikiwa na tabasamu la bibi harusi.

Chini ya upenu hakukuwa na kitu. Palikuwa na alama sakafuni, ndefu, safi, pasipoingia vumbi. Wazo la kwanza lilikuwa wezi. Nikageuka kutafuta wa kumuuliza, nikaona mafiga matatu, na majivu, na makaa bado mekundu katikati. Na kando, kwenye msumari (ule wangu wa nne, kumbe ulirukia huko, na mtu akaupata na kuukita kwenye nguzo ya upenu), mama alikuwa ametundika vizuri waya alizozitoa, maana mama yangu hatupi kitu kinachoweza kufaa. Nikazihesabu. Nane. Nikazihesabu tena kwa kidole.

Nikarudi ndani mikono mitupu. Makofi yakapungua kidogo kidogo, kama mvua inayokatika.

"Yanakuja?" kaka Ambakisye akauliza, kwenye kipaza sauti.

"Yana..." nikasema.

Ndipo mama akaongea kutoka mlangoni. Mama ni sauti ya kwanza kwenye kwaya, hahitaji kipaza sauti. "Atu. Yale ya kwenye picha ndiyo zile kuni zenye waya?"

Watu themanini. Mzee mmoja wa malori aliyekuwa bado na sahani mapajani aliutazama wali uliobaki, akaiweka sahani chini pole pole. Nikasema ndiyo. Nikasema kwa sauti ndogo, lakini kaka Ambakisye, kwa mazoea ya kazi, alikuwa ameshaninyooshea kipaza sauti mdomoni. "Ndiyo" yangu ikazunguka ukumbi mzima ikarudi.

Mzee Tindo akainuka, akatoka nje. Sote tukamfuata. Akachuchumaa kwenye mafiga, akaokota kipande cha kaa kilichopoa, akakigeuza mkononi.

Mama akapiga magoti. "Baba, nisamehe. Ni mimi niliyezitia."

"Na mimi nililisogeza moja kwa mguu," Mzee akasema. "Nikaona linachelewa."

Akauliza la tisa liko wapi, maana waya ni nane. Mama mmoja wa kanisani akaenda mbio, akarudi na banzi, waya wake bado upo, limejaa vipande vya kabichi. Lilikuwa limetumika kukatia mboga, upande wa gome umewekwa chini, na kisu kilikuwa kimepita juu ya michoro. Mzee akalipangusa kabichi kwa mkono wa sweta, akaangalia vizuri.

"Huu ndio mbaya kuliko zote," akasema. "Nilitaka kuuchoma siku nyingi."

Mtu akacheka nyuma, akajizuia. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa naangalia mkono wake wa kulia. Alikuwa amefumba macho, na kidole kinatembea juu ya goti la suruali, kinapanda na kushuka, kinatafuta njia ya mchwa. Kikasimama. Kikaanza tena. Kikasimama. "Wa lori," akasema. "Unaanzaje ule wa lori?" Wazee wakatazamana. Kila mmoja alijua "Leta gogo" na vipande vipande, lakini mwanzo wa wimbo hakuna aliyekuwa nao sawasawa. Mzee alinyanyua macho akanitazama mimi, bila hasira kabisa, akinisubiri nimsaidie. Hasira ningeiweza. Nimewahi kukosea mambo mengi, nimewahi kurekodi harusi nzima bila sauti, lakini sijawahi kujisikia mtu mbaya kama pale.

Mama ndiye aliyesema, bado yuko chini. "Si ziko kwenye picha zako? Huwezi kuzisimamisha zisikimbie?"

Tukarudi ndani. Mzee Tindo akasimama mbele ya shuka, na mimi nikaendesha filamu mpaka kwenye vilima, nikaisimamisha. Vilima vikakaa juu ya shuka, vikubwa, kila mstari wa msumari unaonekana. Mzee akapitisha kidole. Akatikisa kichwa, shuka ni laini, halina kitu cha kushika. Akatazama kaa lililokuwa bado mkononi mwake. Akatazama shuka. Akamtazama mama.

Nilitaka kusema, mama, acha, nitatafuta karatasi. Mama alikuwa ameshika maua ya ukingoni kwa vidole viwili. Akayaachia.

"Chora, baba."

Akachora. Alifuata mwanga mstari kwa mstari kwa kaa la banzi lilelile lililoungua, au la mwenzake, nani ajuaye. Kila alipomaliza mstari aliusoma kwa kidole, kidole kikawa cheusi, na wimbo ukatoka kipande kwa kipande. Vilima. Ng'ombe. Wazee wakaanza kuitikia. Tulipojaza upande mmoja wa shuka kwa michoro mitatu tukalisogeza pembeni, tukaendelea sehemu iliyobaki nyeupe. Na mimi muda wote huo nimechuchumaa sakafuni, nimeshika waya wa kompyuta kwa vidole viwili kwenye ile pembe yake, kwa sababu nikiachia tu kila kitu kinazimika. Zaidi ya saa nzima. Watu walinivuka. Kaka Ambakisye alinivuka mara tatu. Mama mmoja alinipapasa kichwani kama mbuzi.

Wimbo wa lori ukafika wa mwisho. Mzee akachora magurudumu, akachora barabara, akapitisha kidole, na ule mwanzo ukaja. Akachukua gitaa. Akauimba mzima bila mashine, mara ya kwanza maishani mwake, na ulikuwa mpole kuliko nilivyoujua. Nikawa nimerudi kiti cha mbele cha lori, miguu haifiki chini. Na alipokaribia pale mashine inaponyamaza, mkono wangu, wenyewe, bila kuniuliza, ukainua kidole.

Ndiyo. Ule wa waya.

Kompyuta ikazimika. Taa ya filamu ikafa. Mablanketi madirishani, giza totoro, na Mzee akanyamaza palepale katikati ya neno. Kimya. Mtu akakohoa. Nilifumba macho nikisubiri watu wanirukie.

Kisha mlangoni, kwa sauti ya kwanza ya kwaya, mama yangu akasema, "Leta gogo."

Mzee Tindo akaendelea kutoka neno lilelile.

Baadaye amelikunja shuka mwenyewe, taratibu, kaa lisifutike, akaviringishia gitaa. Akalichukua na lile banzi la kabichi. Akahesabu kwa sauti kabla ya kupanda basi: nane kwenye shuka, moja la mboga. "Tisa," akaniambia. "Yamerudi." Mama amempa na wali wa njiani.

Sasa mama yuko chumba cha pili anajifanya amelala, lakini namsikia. Anaimba wa lori chini chini, na pale pa kunyamaza ananyamaza.

Naomba msinicheke. Na wale mliokuwepo ukumbini, nyinyi ndio mkae kimya kabisa: wimbo wa baba yangu mliula kwa maharage, na mkarudia sahani.